Rangi ya Kwanza

Tarehe 30 Juni 1953, mjini Flint, jimbo la Michigan, Corvette ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa ilitoka kiwandani. Ilikuwa nyeupe nje, nyekundu ndani. Ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu, na nyingine zote za mwaka huo hadi zikafika 300. Hakuna mnunuzi aliyeulizwa anapenda rangi gani. Weupe huo uliitwa Polo White, na chini yake hapakuwa na bati. Palikuwa na nyuzi za kioo zilizogandishwa ndani ya resini, kitu ambacho mafundi wetu wa boti na wa bampa hukiita kwa mkato: faiba.

Zaidi ya miaka sabini baadaye, mengi ya magari hayo na ndugu zake waliofuata yamepakwa rangi mara mbili, tatu, hata nne. Mtu anayenunua moja leo akitaka kulifufua hukutana na kazi ambayo vitabu vya historia ya magari huipita kwa sentensi moja: kutoa rangi ya zamani. Kwenye gari la bati kazi hiyo huchosha, lakini haitishi sana. Bodi inaweza kuzamishwa ndani ya pipa kubwa la kemikali ikatoka uchi kama siku ilipotoka kwenye mashine. Ukifanya hivyo kwa bodi ya faiba, utatoa rangi, kisha utaendelea kutoa gari lenyewe.

Naisimulia kazi hii kama historia kwa sababu inauliza kwa vitendo swali ambalo sisi tunaosoma historia huliuliza kwa maneno tu: utafikaje kwenye mwanzo wa kitu bila kuharibu yale yanayokuonyesha njia ya kufika huko?

Kioo kiliingiaje kwenye gari? Mwaka 1932, katika maabara ya kampuni ya Owens-Illinois huko Ohio, mtafiti kijana aitwaye Dale Kleist alikuwa akijaribu kuunganisha matofali ya kioo kwa kutumia kioo kilichoyeyushwa. Mkondo wa hewa yenye nguvu ukakipiga kioo hicho cha moto, kikatawanyika kuwa nyuzi nyembamba mno. Jambo ambalo halikukusudiwa likageuzwa kuwa bidhaa, na mwaka 1938 ikaundwa kampuni ya Owens-Corning kwa ajili ya kuzitengeneza nyuzi hizo. Vita vya Pili vya Dunia vikaikamilisha ndoa: kitambaa cha nyuzi za kioo kililoweshwa resini ya poliesta, kikagandishwa, kikatumika kufunika antena za rada kwenye ndege, maana mawimbi ya redio hupenya humo bila kuzuiwa. Corvette ya kwanza ilirithi sifa hiyo. Antena ya redio yake ilifichwa ndani ya kifuniko cha buti, jambo lisilowezekana kwenye gari la bati.

Baada ya vita, mafundi wa boti wa California, akiwamo Bill Tritt wa kampuni ya Glasspar, walianza kufinyanga bodi za magari kwa faiba. Kampuni ya General Motors, ambayo Harley Earl ndiye aliyekuwa mkuu wake wa ubunifu wa maumbo, iliona hapo njia ya mkato. Kalibu za kukandamiza bati hugharimu fedha nyingi na muda mrefu, gharama ambazo hulipika tu ukiuza magari mengi. Kalibu za faiba ni nafuu zaidi. Gari la maonyesho lilipanda jukwaani katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, Januari 1953. Miezi isiyofika sita baadaye lilikuwa linatengenezwa.

Njia ya mkato ilikuwa na bei yake, na waliolipa walikuwa watu wenye msasa mkononi. Bodi ya Corvette ya 1953 iliunganishwa kwa gundi kutokana na vipande 46. Kila kiungo kilikuwa mstari uliotakiwa kusuguliwa hadi usionekane. Faiba nayo ilitoka kwenye kalibu ikiwa na vitundu vya hewa na kingo zenye nyuzi zilizosimama. Wafanyakazi waliziba, wakasugua, wakapaka laka, wakasugua tena. Yeyote aliyewahi kusugua faiba anaijua adha ya vumbi lake: huingia kwenye vinyweleo vya ngozi, ukawashwa hadi usiku, na ukijikuna ndiyo unazidi kulisukuma ndani. Gari lililosifiwa magazetini kuwa la kesho liling'arishwa na mikono iliyokuwa inawasha.

Mwaka 1954 uzalishaji ulihamia St. Louis, Missouri. Magari 3,640 yakatengenezwa, na sasa palikuwa na bluu iliyoitwa Pennant Blue, nyekundu iliyoitwa Sportsman Red, na nyeusi. Nyeupe bado ilikuwa nyingi kuliko zote.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kuanzia Corvette za 1963, kiwanda kilibandika kwenye kila gari kibao kidogo cha chuma chenye namba ya rangi na ya mapambo ya ndani. Corvette za 1953 hadi 1962 hazikuwa na kibao hicho. Mtu akikuambia Corvette yake ya 1954 ilizaliwa nyeusi, huwezi kufungua mlango ukasoma. Ushahidi ulio juu ya gari lenyewe ni rangi yenyewe: tabaka la chini kabisa, juu ya rangi ya msingi, mahali ambapo wapakaji waliofuata hawakufika. Nyuma ya nembo. Chini ya mpira wa dirisha. Upande wa ndani wa kifuniko cha buti.

Yaani kile kinachotakiwa kutolewa ndicho pia kumbukumbu pekee. Hebu fikiria maktaba ya nyaraka ambayo ili uisome sharti uichome, na unaruhusiwa kusoma wakati moto unawaka.

Kabla ya kuendelea, ni vizuri kuelewa kwa nini faiba huteseka namna hii. Laka ya zamani, iliyotumika St. Louis hadi kiwanda kile kilipoacha kutengeneza Corvette mwaka 1981, hukauka kwa njia moja tu: kiyeyushi kilichomo huruka hewani, na kinachobaki ni utando. Hakuna kipya kilichoungana. Kwa hiyo ukiigusa laka hata baada ya miaka hamsini kwa kitambaa chenye thina, hulainika na kurudi kuwa majimaji. Rangi nyingi zilizopakwa juu yake miaka ya baadaye ni za namna nyingine. Huchanganywa na kigumishi, na zikikauka chembe zake hushikana kama wavu. Thina haizirudishi nyuma.

Tatizo ni kwamba resini ya poliesta inayoshika nyuzi za kioo nayo ni wavu wa aina hiyo hiyo. Bati na rangi si ndugu. Kemikali inaweza kuila rangi ikaliacha bati. Rangi ya kigumishi na faiba ni watoto wa ukoo mmoja. Dawa yenye nguvu ya kumla mmoja itamgeukia mwenzake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nao hawakuwa wamewahi kuona bampa.

Kwa miongo mingi dawa maarufu kuliko zote ya kutoa rangi ilikuwa methilini kloridi. Molekuli yake ni ndogo, hupenya chini ya rangi, huivimbisha na kuinyanyua kama ngozi iliyoungua. Dakika chache tu, na tabaka lililokaa miaka thelathini linakwanguka kwa spachula. Kwa mtu wa gari la bati ilikuwa neema. Kwa mtu wa faiba ilikuwa kamari. Ikikawia juu ya bodi huanza kulainisha resini, na ikiingia kwenye vile vitundu vya hewa vya tangu kiwandani, hujificha humo. Gari hupakwa rangi mpya, hung'aa, husifiwa. Baada ya muda malengelenge hutokea juu ya boneti. Dawa iliyofichwa imeanza kutoka.

Lakini dawa hii ilikuwa na madhara makubwa kuliko malengelenge. Methilini kloridi ikivutwa kwa pumzi, hulewesha ubongo, na mwilini sehemu yake hugeuzwa kuwa kaboni monoksidi, gesi ile ile ya jiko la mkaa lililowekwa ndani ya chumba kilichofungwa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hukaa chini kama maji. Mwaka 2012 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha taarifa kuhusu watu waliokuwa wakitoa rangi kwenye mabafu ya kuogea ili kuyapaka upya. Kati ya mwaka 2000 na 2011, watu 13 walikufa wakiifanya kazi hiyo. Walikuwa ndani ya vyumba vidogo vya kuogea, wameinama juu ya bafu, na mvuke umejaa ndani ya bafu kama uji kwenye bakuli. Baadhi ya dawa walizotumia zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya kutoa rangi kwenye ndege.

Nimeisoma taarifa hiyo zaidi ya mara moja. Haina maneno ya huzuni. Ni taarifa ya afya ya umma, na inaandika kama taarifa zinavyoandika. Ila inanifanya nisiweze tena kusoma maelekezo ya kufufua magari kwa jicho la teknolojia peke yake. Bafu au bodi ya gari, fundi ni yule yule: mtu anayelipwa ili alete uso mpya, aliyeinama karibu mno na uso wa zamani. Umoja wa Ulaya uliiondoa dawa hiyo mikononi mwa wanunuzi wa kawaida karibu miaka kumi kabla ya Marekani. Marekani ilipiga marufuku kuiuza kwa wanunuzi wa namna hiyo mwaka 2019, na mwaka 2024 ikapanua marufuku hadi kwenye matumizi mengi ya viwandani na kibiashara.

Kuna na risasi. Rangi nyingi za zamani za njano, za machungwa na nyekundu zilipata ukali wake kutokana na madini yenye risasi. Marekani ilipopiga marufuku risasi kwenye rangi za nyumba na za vitu vya watoto mwaka 1978, marufuku hayo hayakugusa rangi za magari. Anayesugua Corvette nyekundu ya zamani kwa msasa mkavu, bila barakoa, hapulizi vumbi la kioo tu.

Basi watu wakatafuta njia nyingine, na njia zenyewe zina historia za ajabu. Mojawapo ilijulikana kupitia sanamu. Katika miaka ya 1980, Sanamu ya Uhuru ya New York ilipokuwa inakarabatiwa kwa ajili ya kutimiza miaka mia moja mwaka 1986, mafundi walikuta upande wake wa ndani umefunikwa kwa tabaka nyingi za rangi, na chini ya rangi kuna lami. Shaba ya sanamu ni nyembamba kama sarafu mbili zilizobebana. Mchanga ungeiharibu. Rangi wakaigandisha kwa naitrojeni ya kimiminika hadi ikapasuka yenyewe. Lami wakaipiga kwa unga wa soda ya kuokea, ile ile ya jikoni, ukisukumwa kwa hewa. Punje za soda ni laini. Zinapogonga huvunjika zenyewe badala ya kuivunja shaba. Tangu hapo soda ikaingia gereji, na ikawafaa watu wa faiba kuliko mchanga, mradi waoshe vizuri, maana soda iliyobaki huzuia rangi mpya kushika.

Nyingine ilitoka jeshini. Katika miaka hiyo hiyo, kituo cha jeshi la anga cha Hill, jimbo la Utah, kilianza kutoa rangi kwenye ndege za kivita kwa kuzipiga punje za plastiki ili kuachana na mapipa ya kemikali. Ndege, kama Corvette, zina sehemu ambazo mchanga ungezitoboa. Lakini hata plastiki na soda, mkononi mwa mtu mwenye haraka, huondoa ngozi ya juu ya resini na kuacha nyuzi wazi. Zikishaachwa wazi, hakuna kuzirudisha. Utapaka resini mpya juu, na kuanzia hapo gari lina uso ambao halikuzaliwa nao.

Ndiyo maana, baada ya kemikali na mashine zote, wapo mafundi wa Corvette waliorudi kwenye kifaa cha vinyozi: wembe wenye makali upande mmoja. Unaushika ukiwa umelala karibu sawa na bodi, unasukuma, na laka ya zamani iliyokauka sana huruka kwa vigae vidogo. Hakuna mvuke, na vumbi ni dogo. Kinachohitajika ni mkono usiotetemeka na siku nyingi. Ukiinua pembe ya wembe kidogo tu, unachora mfereji kwenye faiba. Sehemu iliyopinda unaifanya taratibu zaidi, na pale wembe usipofika unamalizia kwa msasa wa maji, ukibadilisha maji kila yanapochafuka.

Ukienda kwa mwendo huo, gari huanza kusema. Wengine huanza kwa kusugua duara dogo, upana wa kifuniko cha chupa, kutoka juu hadi chini, kwa mteremko. Tabaka hujitokeza kama pete za mti uliokatwa: nyekundu ya juzi, kijivu cha rangi ya msingi, bluu ya miaka ya sabini, kijivu tena, kisha nyeupe. Hapo unajua mpangilio kabla hujagusa mahali pengine. Kisha bodi nzima inapofunguka huonekana mambo ambayo hakuna muuzaji aliyeyataja. Mistari ya viungo vya kiwandani ipo mahali pake kwenye mudigadi wa kushoto, lakini kwenye wa kulia haipo: upande huo uligongwa, ukakatwa, ukawekwa kipande kingine. Puti nene kama kidole imejaza shimo karibu na taa. Nyufa zenye umbo la buibui zinaonyesha mtu aliwahi kukalia boneti. Kila mmiliki aliyepaka rangi alikuwa pia anafunika jambo.

Nilipoanza kusoma juu ya haya nilidhani tofauti kati ya fundi wa huko na wa kwetu ni vifaa. Sivyo. Nimekaa kwenye gereji za Dar es Salaam nikiangalia bampa za faiba zikisuguliwa: msasa, maji, puti, msasa tena, kitambaa puani. Mikono ni ile ile, muwasho ni ule ule. Tofauti ni swali. Kwetu mteja anauliza, "Lini itakuwa tayari?" Mwenye Corvette ya 1954 anauliza, "Ilikuwa rangi gani?" Swali la pili ni anasa, kwa sababu linahitaji muda wa kulipia. Lakini ni swali la historia, na limewagawa hata wenyewe.

Maana kwa miaka mingi kufufua kulimaanisha kufuta. Gari zuri lilikuwa lile lililovuliwa kila kitu na kupakwa upya, liking'aa kuliko lilivyowahi kung'aa likitoka St. Louis. Viungo ambavyo kiwanda chenyewe kilishindwa kuvificha vikafichwa. Taratibu wakatokea watu wa upande mwingine. Kwenye maonyesho ya Corvette yanayoitwa Bloomington Gold pakaanzishwa tuzo ya magari ambayo hayajafufuliwa, yenye laka iliyochakaa na nyufa zake, kwa hoja kwamba gari huwa la asili mara moja tu. Hoja hiyo ina fedha ndani yake, sikatai. Lakini pia ni kinyume cha tabia tuliyoizoea, ya kudhani kuheshimu kitu cha kale ni kukifanya kionekane kipya.

Mzozo huo ulipata mtihani wake tarehe 12 Februari 2014. Alfajiri, ardhi ilititia chini ya Makumbusho ya Taifa ya Corvette huko Bowling Green, Kentucky, na magari manane yakatumbukia shimoni. Hakuna mtu aliyeumia. Picha za faiba iliyochanika na nyuzi zake nje zikazunguka duniani kote. Mmojawapo wa wahanga ilikuwa Corvette ya milioni moja, ya mwaka 1992, iliyotengenezwa nyeupe nje na nyekundu ndani kwa makusudi ya kuwakumbuka wale 300 wa Flint. Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wametia saini zao kwenye sehemu zake zilipokuwa zinaungwa.

Uamuzi uliofikiwa haukuwa wa upande mmoja. Magari matatu yalifufuliwa: hilo la milioni moja, jeusi la 1962 na la bluu la 2009. Kwenye la milioni moja, timu ya General Motors ilijitahidi kuokoa kila sehemu yenye saini iliyookoleka, hata pale ambapo kuweka kipande kipya kungekuwa rahisi zaidi. Matano yaliyobaki yaliachwa jinsi yalivyotolewa shimoni. Yanaonyeshwa yakiwa yamepondeka, rangi imebanduka, faiba iko wazi, na mgeni anaweza kuona kwa macho yake gari hilo ni kitu gani chini ya mng'aro.

Mtu binafsi hana makumbusho. Ana gari moja, fedha kiasi, na hamu ya kuliona likitembea. Siwezi kumwambia asipake rangi. Ninachoweza kumwambia ni kile ambacho wahifadhi wazuri hukifanya tayari: kabla ya wembe wa kwanza, apige picha, lile duara dogo la pete alisugue mahali pa siri na asilifunike, na upande wa ndani wa kifuniko cha buti, palipo na antena, aache kipande ukubwa wa kiganja bila kukigusa kabisa, na laka yake, vumbi lake, na alama za msasa za mtu wa St. Louis ambaye hatutajua jina lake.